Nyuma ya Said, Njia ya Chwaka

Jumanne, mwezi 5 Mfunguo Tano
Kanzu ya mwisho nimeipiga pasi adhuhuri. Cherehani nimeifunika. Wiki hii sishoni tena, anayetaka nguo angoje. Baiskeli nshaitia mafuta, mipira nshaijaza upepo. Kesho mashindano ya baiskeli yanaanza: kwanza Mkokotoni, keshokutwa kurudi mjini, Ijumaa mapumziko, Jumamosi Chwaka. Kila tajiri wa baiskeli kaajiri mpanda wake. Said, mume wa dada yangu Zuwena, ni mmoja wao. Mimi nawafuata kwa raha zangu tu. Sijatoka mjini siku nyingi mno.

Jumatano, mwezi 6
Makalio yananiuma. Pale Bububu garimoshi lilitupigia filimbi na abiria wakashangilia. Mimi walinicheka. Unene huu! Baada ya hapo sikumwona mpanda hata mmoja, vumbi lao tu. Nimefika Mkokotoni wapanda washaoga, washakula. Said wa pili. Wa kwanza Mgoa mmoja mwenye miguu mirefu. Nimekula pweza wa kuchoma. Sikumbuki lini nilifurahi hivi.

Alhamisi, mwezi 7
Said kashinda! Kampita Mgoa tulipokaribia mjini, na sasa yeye ndiye anayeongoza. Watu wamembeba mabegani. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Nilipomkumbatia, mwili wake moto. Jua hilo, kasema. Na mimi nikasema ni jua.

Ijumaa, mwezi 8
Baada ya sala nikaenda kwao. Said kajifunika shuka mbili, anatetemeka. Zuwena kanivuta ukumbini.
"Kaka, ana homa tangu jana. Mwambie asende."
Nikamwambia. Akacheka, eti kashakunywa kwinini. Zuwena akaniangalia mimi, si yeye.
"Basi wewe uwepo njiani."
Nimemuahidi. Na bado nataka Said ashinde. Ndivyo ilivyo.

Jumamosi, mwezi 9
Niliondoka baada ya sala ya alfajiri ili niwatangulie. Nikawangojea pale Dunga, chupa ya maji mkononi. Said akatokea peke yake, kawaacha wenzake mbali. Watu wakapiga vigelegele. Nami nikarukaruka pamoja nao, mtu mzima mimi.
Akasimama anywe. Midomo mikavu, hana hata tone la jasho. Maji yakamwagika kidevuni. Akaniuliza, "Shemegi, hapa wapi?"
Dunga! Njia hii anaipita tangu utoto wake.
Nikaushika usukani.
"Shuka, Said. Umeshafika."
"Niachie!"
"Sikuachii."
Akanipiga ngumi ya kifua. Haikuwa na nguvu yoyote, na hilo ndilo lililonitisha. Mgoa akapita. Wakapita na wengine. Said akakaa chini kando ya njia, akalia mbele za watu. Mwenye gari la punda akashusha nazi zake tukamlaza. Watu walinitukana mpaka tukapotea machoni. Kuna aliyesema nimehongwa.

Jumapili, mwezi 10
Hazungumzi la maana. Daktari kaja, hakusema mengi. Zuwena anamkanda kwa kitambaa cha maji, hataki kupokewa. Tajiri kaleta mtu kuchukua baiskeli. Hali ya mgonjwa hakuuliza. Nilitamani kumtupia matusi yule mtu, nikamfungulia mlango.
Naogopa.

Jumatatu, mwezi 11
Vilevile. Anamwita mama yake, na mama yake alishafariki. Duka sijafungua.

Jumanne, mwezi 12
Asubuhi kapata jasho, shuka zimerowa chapachapa. Zuwena kaniletea shuka nizione, analia na kucheka. Said alipofumbua macho akaniona, akageukia ukutani. Nikatoka. Nimeumia, lakini yu hai. Na ikibidi, nitamshika tena.

Alhamisi, mwezi 14
Nimefungua duka, nikashona kidogo, alasiri nikaenda kwao. Nilisimama mlangoni. Zuwena alikuwa anamnywesha uji. Said kakonda, macho makubwa.
"Nani kashinda?" akauliza, haniangalii.
"Mgoa."
Akamaliza uji wote, akampa mkewe bakuli. Kisha akakunja miguu, pakapatikana nafasi upande wa chini wa kitanda.
Nikavua viatu, nikaingia, nikakaa.