Kofia ya Baba Kwenye Tanuri la Mkaa

Zuhura, mke mwenzangu,

Marahaba. Hapa mtaani Picha ya Ndege tu wazima, shangazi yako anakusalimia. Unauliza kama nitakutambua ukitoka hospitali, sasa nywele na nyusi zimekwisha kwa dawa.

Utotoni kule kijijini Masaki nilimpelekea baba ugali kwenye tanuri la mkaa. Wanaume wote walijaa masizi, nikampa bakuli aliyevaa kofia ya baba. Kumbe baba alimpa mwenzake ajikinge jua. Baba akacheka kule pembeni, macho yakafinyana, nikamjua papo hapo. Tangu siku ile sitafuti mtu kwa kofia.

Nawe hucheka hivyo hivyo. Picha ya kunizoesha usitume. Uso wako ulete mwenyewe.

Bibi yako