Michoro ya Mama na Programu za Bure

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lililokusumbua wakati wa baridi limetulia. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la vitambaa, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atashona.

Sasa nikueleze habari ya kompyuta. Michoro yote ya kukatia nguo, ile mliyoichora wewe na mama kabla hujaondoka, imo humo, na makaratasi yenyewe yaliliwa na mchwa. Mwezi uliopita diski ilianza kukwaruza kama kuku anayechakura juu ya bati. Nikajua tusipopata nakala, mama ataanza upya, na macho yake hayo.

Kwa kuwa nimemaliza shule na sina kazi, nikajipa ya kujaribu programu za bure za kunakili diski nzima. Bure! Ya kwanza ilinakili vizuri, ila nilipotaka kurejesha ikaniambia kurejesha ni kwa wanaolipa. Ni sawa na mtu akutunzie mzigo, kisha akuuzie mlango wa kuutolea. Ya pili ilikuja na wageni wake: kila nikibofya, tangazo la dawa ya kupunguza tumbo. Ya tatu ilinipongeza kwa rangi ya kijani, eti nakala imekamilika. Kuifungua, majina ya mafaili yapo, ndani hamna kitu. Sijui walioitengeneza hawana aibu au hawana mama.

Kaka naye, ambaye mtaa mzima unamwita Profesa kwa sababu ya miwani tu, akaniona nikihangaika.

"Hebu toka hapo wewe, kazi ya dakika mbili hiyo."

Kweli alimaliza upesi, akaondoka akipiga mluzi. Kuangalia, nakala ya diski inayokufa ameiweka ndani ya diski hiyohiyo inayokufa! Sikumwambia kitu. Unanijua, mbele za watu maneno hunikwama kooni. Lakini kwako naandika: pale hamna kichwa, kuna miwani.

Ya nne haina sura, maandishi meupe kwenye weusi, utadhani imenuna. Nikanakili kwenye diski ya nje, nikaitoa ile mbovu, nikaweka ya mtumba, nikarejesha. Mama alisimama nyuma yangu, mkasi mkononi. Mchoro wa mkono wa gauni ukafunguka. Akaukodolea macho.

"Huu kauchora mdogo wangu. Hajawahi kunyoosha mstari huyo."

Kisha akakaa chini, akafuta uso kwa kipande cha kitambaa.

Ndani ya kifurushi hiki kuna diski nyingine yenye nakala ya michoro hiyo, nimeizungushia pamba. Nakala zote zikikaa chumba kimoja, moto mmoja unatosha. Tafadhali usimpe yeyote anayejiita mtaalamu. Ichomeke mwenyewe, fungua gauni moja, lolote, halafu unipigie. Mpaka nisikie kwa sauti yako kwamba limefunguka, mimi nahesabu tuna nakala moja tu.

Msalimie Baba Mdogo na wale mapacha. Mama anakusalimu sana. Profesa pia, baada ya kukumbushwa. Mungu akuweke, akupe afya na usingizi mwema.

Mwanao akupendaye,
yule mkimya wa dada yako.