Pikipiki ya Mama Isiguswe

Baba,

Pikipiki isiwashwe. Chupa iliyo karibu na sinki si chai, ni mafuta machafu ya breki.

Asubuhi breki ya mbele ilimgomea Mama, akasimama kwa kuburuza viatu hadi kwenye kibanda cha uji cha Bi Siok-hun. Hakuumia. Mama alimwambia Bi Siok-hun, "Breki ninazo, ziko kwenye soli."

Kosa ni langu. Jana nilitoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki peke yangu, mwingine ukabaki. Ulipotaka kunisaidia, nikakwambia mkono wa kiharusi haunifai, ilhali uliopooza ni wa kushoto tu.

~~Jioni nitamalizia mwenyewe.~~

Jioni naomba ubane breki kwa mkono wa kulia, mimi nifungue nati ya kutolea upepo. Mama hatapanda mpaka wewe useme breki imekaza.

Mwanao wa kwanza,
Bun-hiong