Simu ya Baba Ndani ya Nyungu

Temeke,
Jumatano asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujasoma mbele, mimi ni mzima. Najua mmenipigia siku nne bila kunipata, na baba keshaanza kuwaza mabaya. Kilichokufa ni simu. Mguu wa bibi umepoa? Na baba, bado anakohoa lile vumbi la mpingo anaochonga? Mwambie asiende sokoni bila kufunika pua, hata akinuna.

Chuo kilipofungwa kwa ajili ya korona nilibaki hapa kwa mama mdogo Hadija, kwa kuwa huko kwetu mtandao mpaka upande kilima cha shule. Masomo yakahamia kwenye simu. Mama, kumbe hosteli ilikuwa inatuficha. Tulilala vitanda vya namna moja, tukala wali maharage uleule, nikadhani sote tuko sawa. Sasa mhadhiri akisema washeni kamera, kila mtu anaonekana anakoishi. Rafiki yangu Doreen, wa Kimara, ana chumba chake, meza na kompyuta. Mimi nakaa juu ya ndoo uani, na nyuma yangu mpangaji anapita na kopo kwenda chooni. Siku ya kwanza waliangua kicheko. Nami nilicheka, lakini niliumia.

Jumamosi mama mdogo alichemsha majani ya mwarobaini na mchaichai, akasema nyumba nzima tupige nyungu, tujifukize mvuke wake chini ya blanketi. Zamu yangu ikaangukia saa ya kipindi. Mhadhiri huita majina ghafla, na usipoitika unahesabiwa hukuwepo. Nikaona nisikose vyote viwili, nikaingia na simu chini ya blanketi. Jina langu likaitwa. Nikajibu, "Nipo, mwalimu!" Akauliza, "Somoe, mbona kuna moshi? Unaungua?" Sikuwahi kujibu. Kioo kiliingia ukungu, kikazima, na hadi leo hakijawaka. Fundi amesema mvuke umeingia ndani, haitengenezeki. Simu ile ile baba aliyoitoa mfukoni mwake siku naondoka.

Sasa kesho saa nne asubuhi kuna mtihani wa mdomo. Asiyeonekana kwenye kioo anarudia mwaka, na wewe unajua, mama, kwetu hakuna mwaka wa kurudia.

Kuna jingine, nalo ndilo zito zaidi. Mama mdogo anakohoa. Siku ya tatu leo, na usiku anakaa kitako ili apumue. Nikimwambia twende hospitali anafoka: "Mie sina korona bwana, mafua tu haya! Ukilitoa neno hili nje, mwenye nyumba atatutupia vyombo barabarani." Amenikataza kukuandikia, na simu yake anaizima ili msisikie kikohozi. Lakini ni mdogo wako, nitakuficha vipi? Naogopa, mama. Kila nikimeza mate nalisikiliza koo langu.

Jana niliazima simu ya jirani, nikampigia Doreen. Akafurahi: "Njoo ufanyie kwetu, shoga, kompyuta zipo mbili." Nikataka kunyamaza, Mungu anisamehe. Ila kwao yupo bibi yake, mgonjwa wa kifua miaka yote. Nikamkumbuka bibi yetu. Nikasema, "Doreen, ninapokaa kuna mtu anakohoa." Kisha akasema polepole, "Ngoja nimuulize mama."

Sijui mama yake alisema nini. Simu ya kunipata hana, maana jirani alinipa yake mara moja tu.

Kesho nitaondoka alfajiri nikasimame nje ya geti lao, mbali kidogo, na barakoa usoni. Wakiniwekea kompyuta barazani nitashukuru. Geti likibaki limefungwa mpaka saa nne ipite, sitawalaumu, maana hata mimi ningemfungia mtu geti ili bibi yangu asiambukizwe. Nikitoka hapo nitampeleka mama mdogo hospitali, atake asitake.

Barua hii anakuja nayo mama Asha, jirani wa hapa anayesafiri kwenda Masasi. Nisalimie bibi, umwambie asitoke kwenda kwenye ngoma. Kaka Saidi mwambie aniangalizie kile kilima chenye mtandao, huenda nikarudi nikakihitaji. Shangazi naye msalimie, na watoto wake wote.

Baba mwambie kwanza kwamba niko hai. Habari ya simu yake umpe akishakula.

Niombeeni.

Mwanao,
Somoe