Tangu Nianze Sindano, Hakuna Anayekuja

Shinyanga, Jumatano, Oktoba 1996

Jua limetuchoma tangu asubuhi. Mawingu yalijikusanya upande wa Mwanza, yakatutazama, yakaondoka. Mvua bado.

Leo ilikuwa siku yangu ya sindano. Nimekwenda kliniki peke yangu, nikakaa kwenye benchi peke yangu. Nesi Kabula alipomaliza kunichoma akaniuliza, "Na yule wifi yako yuko wapi siku hizi? Mlikuwa hamwachani."

Nikamjibu, "Yupo." Nikafunga kanga yangu nikatoka.

Yupo kweli. Anakaa mtaa huu huu, nyumba ya nne kutoka kwangu. Lakini haji tena.

Kaka yangu Idi alipokwenda Geita kuchimba dhahabu, alimwachia mkewe, Mama Hamisi, kazi ya kunisimamia nimeze vidonge vya ugonjwa wangu wa akili. Kila jioni alikuja na kikombe cha maji. "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Mwanzoni nilimchukia. Mimi ni mtu mzima, fundi cherehani, nawashonea watu nguo za harusi, halafu nakaguliwa mdomo! Lakini nikishameza alikuwa haondoki. Alikaa kitandani kwangu akanieleza habari za watoto, za majirani, za Idi ambaye salamu zake zilikuja kwa watu wa mabasi, kwamba bado wako kwenye duara, shimo lao la dhahabu, na hawajapata kitu.

Masika yaliyopita ugonjwa ukarudi. Nikawa nasikia watu wanazungumza ndani ya cherehani, wananitaja kwa jina. Nilikuwa nimemeza kila kidonge. Hakuna aliyeniamini. Mama Hamisi alisimama mlangoni akilia, "Unavitema, wifi! Mimi nahangaika, wewe unavitema!"

Kuumwa nilikuwa nimekuzoea. Kuitwa mwongo, hapana.

Ni Nesi Kabula aliyenitoa kwenye aibu ile. Alitukalisha sote wawili, akasema kidonge lazima kipite tumboni, kisha kwenye ini, na ini hukipunguza nguvu kabla hakijasambaa kwenye damu. Kwa mtu mmoja hubaki dawa ya kutosha, kwa mwingine hubaki kidogo tu. "Huyu inaelekea ni wa kidogo," alisema. "Tumjaribu na sindano. Dawa yake imewekwa kwenye mafuta. Haipiti tumboni. Inakaa kwenye nyama, inatoka polepole mpaka arudi tena hapa."

Mama Hamisi akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo alikuwa anameza?"

"Ametapika? Ameficha chini ya ulimi? Wewe si ndiye uliyekuwa unakagua?"



Sindano ikanikubali. Mikono hutetemeka kidogo siku za mwanzo, lakini cherehani sasa inasema sauti yake tu. Nimepona kiasi cha kuachiwa mkasi.

Na jioni zangu zimekuwa kimya.

Hakuna kikombe cha maji, hakuna kidonge, kwa hiyo hakuna anayekuja. Naona aibu kuliandika hili: kuna jioni nimetamani vile vidonge ambavyo havikunisaidia.

Swali la nesi lilinifuata mchana kutwa. Jua lilipopoa nikafunga mlango, nikaenda. Nilimkuta Mama Hamisi uani anachambua mchele. Aliponiona akainuka haraka.

"Wifi! Kuna nini? Sindano imekataa?"

"Sindano iko sawa."

"Sasa unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nimekuja kukaa."

Akakaa tena mkekani. Kisha akasema, "Mimi nilijua umefurahi kupumzika na usumbufu wangu. Nilikuwa nakufungua mdomo kama ng'ombe wa mnadani. Halafu nikakuita mwongo mbele ya watu. Ningekuja na uso gani?"

Nilikuwa nimepanga kumlaumu, na lawama zote zikanipotea. Kumbe na yeye jioni zake zilikuwa hivi hivi, mume yuko Geita, watoto wanacheza nje, mchele mapajani.

Alisogea kwenye mkeka. Nikakaa. Akanimiminia nusu ya mchele kwenye ungo mwingine, tukachambua. Hamisi alikuja kuomba chakula, akaniamkia, akatoka mbio. Adhana ya magharibi iliposikika nikaaga. Hakusema nirudi. Wala hakusema nisirudi.

Sasa niko chumbani. Mahali nilipochomwa sindano panauma kidogo nikikaa upande huo. Nyumba iko kimya kama jana.

Kesho sitakuwa na sababu ya kwenda kwake. Nitakwenda hivyo hivyo.