Mama, Leo Sikutafsiri Hata Neno Moja

Mama yangu mpendwa,

Ningekuwa na njia ya kukupigia simu, ungeshaniambia nipunguze sauti. Leo nimetoka kazini karibu nikimbie!

Unakumbuka ule mkutano wa wazazi shuleni kwetu? Ulisimama na buibui lako jipya, ukasema kwa Kiingereza ulichojifundisha mwenyewe, "My daughter bassed the baper," ukimaanisha "passed the paper", kwamba nimefaulu mtihani. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Tulitembea mpaka karibu na mtaa wa Kiwanjani, ndipo ukaniuliza, "Hao hawanijui. Wewe ulikuwa unacheka nini?"

Sikukujibu, na ukaenda kwa Mola wako bila jibu. Niliogopa kuchekwa pamoja nawe, Mama. Ni hivyo tu. Nisamehe.

Sasa nafundisha akina mama Kiingereza hapa mtaani Wabera, baada ya swala ya alasiri. Wengi wao, kama wewe, wamekua wakisema Kiborana, na ile "p" inawatoka "b". Nawapa kila mmoja kipande cha karatasi akishike mbele ya midomo. Ukitamka "p" sawasawa, karatasi inaruka. Ungewaona wanavyopuliza! Mama Halake, anayeuza maziwa ya ngamia, alisoma "pure", yaani safi, akatamka "bure". Jirani yake akamwambia, "Weh, ukisema hivyo watabeba mitungi yote!" Mama Halake mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi, akafuta machozi, akashika karatasi tena. Wiki tatu hakuiacha.

Leo mnunuzi mgeni amekuja kuonja maziwa ya kikundi cha Mama Halake na wenzake. Hajui Kiswahili, kwa hivyo waliniita nitafsiri. Nimefika, nimesalimu, nikafungua mdomo. Mama Halake akanigusa goti.

"Mwalimu, ngoja kwanza."

Akasimama. "Our milk is pure. The smoke keeps it pure."

Mgeni hakuuliza "nini?" Hakunitazama mimi. Alimtazama yeye, akaitikia kwa kichwa, akaandika. Mama Halake akaeleza jinsi wanavyofukiza mitungi kwa moshi ili maziwa yasiharibike, nani hukamua, maziwa hutoka wapi. Sarufi ilipinda hapa na pale, lakini kila neno lilifika.

Kisha mgeni akauliza swali ambalo sikuwa nimewafundisha: mvua ikiharibu barabara, mnafanya nini? Mama Halake akafikiri kidogo, akajibu, "We pray. Then we push."

Tunaomba dua, halafu tunasukuma gari! Mgeni alicheka kwa furaha, akampa mkono hapo hapo, na Jumatatu maziwa yao yanaanza safari ya kwenda kwake. Mimi nilikaa tu kwenye benchi kama mgeni wa pili, nikilia na kutabasamu, bila kazi yoyote.

Mola akulaze pema, Mama.

Binti yako, mwalimu wa akina mama