Jani Lililotumwa Tunduma

Mbagala, 4 Machi 2023

Mume wangu Farhan,

Assalaam aleykum. Mie mzima, hofu ni kwako huko kwenye baridi. Mke mwenzangu umeshampata, au bado unaringa?

Nina habari. Zile begonia zangu mbili, ya majani ya fedha na ile ya majani yenye mgongo mwekundu, nilizozichanganya mwaka juzi, zimenipa mtoto. Miche arobaini ilitoka na sura za kawaida, nikaitupa. Mmoja una jani la fedha lenye mishipa myekundu, limejisokota katikati kama konokono. Nililiona, nikageuka kumwonyesha mtu; hakuna mtu. Tangu babu yako afariki nasahau sahau hivyo.

Nakutumia jani moja, nimelifungia pamba yenye maji. Likate mishipa kwa nyuma, lilaze juu ya mchanga mbichi, litaota. Mche wangu ni huu mmoja tu, nataka uwe na mwenzake huko.

Bibi yako


Tunduma, 2 Mei 2023

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi ya kupitisha mizigo mpakani ndiyo imenibana, samahani kwa kuchelewa. Jani lilifika zima. Nimelilaza kwenye mchanga kama ulivyosema, limeshatoa vijani viwili. Nitajitahidi nije sikukuu.

Mjukuu wako


Mbagala, 20 Desemba 2023

Mume wangu,

Assalaam aleykum. Idd zote mbili zimepita, nimekula pilau na jirani yangu Salma. Sikulaumu, nakwambia tu.

Nililazwa siku kumi, presha. Sasa sijambo. Salma, Mungu ambariki, alinimwagilia begonia asubuhi na jioni, mvua nayo inanyesha. Nilipotoka hospitali nikakuta shina limekuwa uji. Salma alilia, mie ndiye niliyembembeleza. Nikamwambia, nyamaza shoga, mwenzake yupo Tunduma.

Nikatie jani moja uliweke kwenye basi.

Bibi yako


Tunduma, 17 Machi 2024

Bibi,

Shikamoo. Pole kwa kuumwa. Barua hii nimeianza mara nne.

Jani halikuota. Sikulilaza kwenye mchanga hata siku moja. Niliona zuri mno kulikatakata, nikalibana kwenye kitabu likakauka, nikalitia kwenye fremu. Lipo mezani kwangu ofisini. Nilikuandikia limeota nisikuudhi. Kila anayeingia huuliza ni la nini, namwambia ni la bibi yangu. Nisamehe.

Mjukuu wako


Mbagala, 30 Machi 2024

Farhan,

Marahaba.

Nimekasirika na sikufichi. Njia ya mwongo fupi, lakini yako imefika miezi kumi. Miezi yote hiyo nikiamka najua kuna kitu changu kinakua kwako. Kilikuwa kinanitosha.

Wazazi wa ule mche wapo hai. Kuchanganya upya ni mwaka na nusu, na litakalotoka halitakuwa lile, kila mbegu na sura yake. Mie nina sabini na sita. Kazi yenyewe ni ya brashi: kuchukua lile vumbi la njano la ua dume, ulipake ua jike. Tangu hospitali mkono wangu unatetemeka. Nimejaribu mara tatu, nimevunja maua matatu. Salma haoni vizuri.

Fremu baki nayo. Naomba mkono wako, siku mbili tu.

Bibi yako


Mbagala, Jumapili, 19 Mei 2024

Farhan,

Assalaam aleykum. Hujajibu. Natumaini u mzima.

Ua jike limefunguka leo asubuhi, moja tu. Kwa joto hili halivuki Jumatano. Barua hii inapanda basi la kesho alfajiri. Ukiipata Jumatatu usiku, ukaondoka Jumanne, Jumatano asubuhi utalikuta. Nimehesabu mara mbili.

Brashi nimeiosha. Safari hii sijaribu mwenyewe. Nitakaa nalo hapa uani mpaka uingie au lianguke.

Bibi yako